Madini ya Seleniamu: Upungufu Usioonekana Shambani

Natumaini palizi inakwenda vizuri, na wale ambao mvua imewachelewesha, poleni, tuzidi kusubiri. Leo sitazungumza juu ya viwavi wala juu ya nafasi za kupandia. Nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo sana ambacho hutoka udongoni, kikapita katika mahindi, kikaingia katika ugali wetu. Au pengine hakitoki, wala hakipiti, wala hakiingii, na sisi tukawa hatuna habari. Kitu hicho ni madini yaitwayo seleniamu.

Jina ni geni, nalijua. Madini haya yaligunduliwa nchini Sweden mwaka 1817 na mtaalamu wa kemia aitwaye Berzelius, naye akayapa jina linalotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mwezi. Kwa miaka mingi yalijulikana kwa ubaya tu. Huko South Dakota, Marekani, ng'ombe na farasi waliolisha kwenye ardhi yenye seleniamu nyingi mno walinyonyoka nywele na kung'oka kwato. Kwa hiyo watu waliiita sumu, wakaishia hapo. Ni mwaka 1957 ndipo Schwarz na Foltz walipoonyesha kwamba panya wakinyimwa seleniamu, ini lao huharibika na hufa. Wakipewa kidogo, hupona. Tangu hapo imejulikana kwamba wanyama wanaihitaji, na binadamu pia.

Inafanya kazi gani? Chukueni mfano wa jiko la mkaa. Jiko linapowaka linatoa moto wa kupikia, lakini pia linarusha cheche, na cheche zikiachwa huunguza mkeka. Mwili nao unapokiunguza chakula ili upate nguvu hutoa mabaki makali yanayoweza kudhuru misuli, moyo, ini na damu. Mwili una vimeng'enya vya kuyazima mabaki hayo, na baadhi ya vimeng'enya hivyo haviwezi kutengenezwa bila seleniamu. Tena mwili unaihitaji katika kupigana na magonjwa, na katika tezi ile ya shingoni. Hiyo ya tezi nitairudia, maana ina mtego.

Kiasi kinachotakiwa ni kidogo ajabu. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 55 kwa siku. Mama mjamzito mikrogramu 60, anayenyonyesha 70, na mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu 20. Mikrogramu ni sehemu moja ya gramu iliyogawanywa mara milioni moja. Fanyeni hesabu: gramu moja tu, kama mtu angeweza kuila polepole kila siku kwa kipimo, ingemtosha karibu miaka 50. Sasa mtu atauliza, kitu kidogo namna hiyo kinawezaje kukosekana?

Mama mmoja aliniuliza hivyo hivyo baada ya mkutano wa kijiji. Alisema, "Bwana Shamba, mwaka huu mahindi yangu yamebeba hata wewe umeyasifu. Mbona sasa unasema yana upungufu?" Swali lake ni zuri kuliko maelezo yangu ya siku ile, na jibu lake ndilo jambo kubwa ninalotaka mlichukue leo.

Mahindi yakikosa naitrojeni, majani huwa ya manjano, nawe unaona. Yakikosa fosforasi, miche hugeuka zambarau, unaona. Lakini mmea wa mahindi hauhitaji seleniamu ili ukue. Ikiwapo udongoni, mizizi huichukua pamoja na virutubisho vingine. Isipokuwapo, mmea haujali. Utakuwa mrefu, kibichi, utabeba magunzi mawili, na punje zitajaa. Shamba halitakuambia neno. Mahindi hayaugui kwa kukosa seleniamu. Anayeugua ni yule anayeyala. Kwa hiyo mkulima hodari kabisa, aliyepanda kwa mstari na kupalilia mara mbili, anaweza kuvuna magunia mengi ya chakula kilichopungukiwa, na hata bwana shamba akipita hatatambua kwa macho.

Tutazame jirani zetu wa Malawi, kwa sababu wataalamu wamelichunguza jambo hili huko kwa makini sana, tena kwa wakulima wadogo kama sisi, wanaokula nsima, ambayo ndiyo ugali wetu huu. Walichukua punje za mahindi kutoka mashamba ya sehemu nyingi za nchi wakazipima. Sehemu kubwa ya mahindi yale yalikuwa na seleniamu kadiri ya mikrogramu 20 tu katika kilo moja. Lakini kusini, katika Bonde la Shire, kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaonata wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi, mahindi yalikuwa na zaidi ya mara kumi ya kiasi hicho. Mbegu ni za mahindi, jembe ni lile lile. Tofauti ni udongo.

Kisha walitazama watu wenyewe. Huko Zombwe, upande wa Mzimba kaskazini, ambako udongo una uchachu, chakula cha siku kiliwapa watu wastani wa mikrogramu 6 na nusu. Huko Mikalango katika Bonde la Shire, chakula cha namna hiyo hiyo kiliwapa mikrogramu 55. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013. Angalieni jinsi mizani ilivyo: hawa wa bondeni wamepata hasa kile kinachotakiwa, na wale wa kaskazini wamepata chini ya sehemu moja ya nane. Damu yao nayo ilionyesha tofauti hiyo hiyo. Hakuna aliyekuwa mvivu kuliko mwenziwe.

Sababu yake ni hii. Udongo mwekundu wa milimani na wa nyanda za mvua nyingi, ule wenye chuma nyingi na uchachu, huishika seleniamu kwa nguvu isitoke. Udongo wa mfinyanzi mweusi usio na uchachu huiachia kwa urahisi zaidi. Lakini tusikimbilie kusema kwamba kila mbuga nyeusi ni tajiri. Inategemea pia mwamba uliozaa udongo huo. Bila kupima hakuna anayejua.

Sasa fanyeni hesabu ya pili. Kama kilo ya mahindi yako ina mikrogramu 20, na wewe unahitaji 55, itakubidi ule kilo mbili na robo tatu za mahindi makavu kila siku. Hakuna tumbo la namna hiyo. Hata ukila dona badala ya sembe, na dona ni bora kwa mambo mengi, dona haiwezi kutoa kitu ambacho punje haikukiokota udongoni. Na maharage, na kunde, na mchicha wa pembeni ya nyumba, vyote vimetoka udongo ule ule.

Hapa ndipo mkulima mdogo anapopata hasara kuliko mtu wa mjini. Mtu wa mjini anakula mchele wa mkoa huu, unga wa mkoa ule, samaki wa ziwani, ngano iliyotoka ng'ambo. Chakula chake kimechanganyika kutoka udongo wa sehemu nyingi, na upungufu wa sehemu moja hufidiwa na nyingine. Mkulima anayejitegemea kwa chakula, jambo tunalolisifu kila siku katika kipindi hiki, na ni kweli tunalisifu kwa haki, anakula udongo mmoja tu mwaka mzima. Udongo huo ukiwa na upungufu, upungufu wote ni wake.

Msidhani natia chumvi. Huko Uchina kulikuwa na ugonjwa wa moyo uliopewa jina la wilaya ya Keshan, katika jimbo la Heilongjiang, baada ya kuua watu wengi huko mwaka 1935. Moyo hudhoofika, hupanuka, na mgonjwa anaweza kufa ghafla. Ulishika hasa watoto wadogo na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Na jambo lililowashangaza madaktari ni kwamba ulizishika familia za wakulima waliokula nafaka zao wenyewe, huku familia zisizolima, katika sehemu hizo hizo, zikikaa salama. Mwaka 1974, katika wilaya ya Mianning jimboni Sichuan, watoto 4,510 walipewa vidonge vya seleniamu kila wiki, na watoto 3,985 hawakupewa. Katika wale waliopewa waliugua 10. Katika wale wasiopewa waliugua 54. Baadaye wote wakapewa. Ni kweli kwamba baadaye iligunduliwa kuwa virusi navyo vina sehemu yake katika ugonjwa huo, lakini virusi hivyo vilipata nafasi katika miili iliyopungukiwa.

Sisemi kwamba ugonjwa wa Keshan uko kijijini kwako. Wala usimtazame mtoto aliyedhoofika ukasema, "Huyu kakosa seleniamu." Mtoto hudhoofika kwa malaria, kwa minyoo, kwa kukosa chakula cha kutosha, na upungufu huu hauonekani kwa macho, hupimwa katika damu. Mtoto mgonjwa apelekwe zahanati. Ninachosema ni kwamba nyumba inayoishi kwa ugali na mboga za shamba moja tu, na shamba hilo liko kwenye udongo mwekundu wenye uchachu, ina sababu ya kuangalia sufuria yake.

Basi tufanye nini? Dawa ya kwanza ni kuingiza katika sufuria kitu kilichotoka mahali pengine, na hasa majini. Samaki wana seleniamu nzuri, wa baharini na wa maziwani. Dagaa wana sifa moja zaidi: wanaliwa wazima, wamekaushwa, wanasafiri hadi milimani bila kuoza, na unaweza kununua kwa kipimo cha kopo. Si lazima wawe kitoweo chenyewe. Kiganja cha dagaa waliosafishwa, wakatwangwa kuwa unga, kikichanganywa katika maharage au katika uji wa mtoto, kinafanya kazi. Watoto wengine hulalamika harufu. Wakaange kidogo kwanza kabla ya kutwanga.

Nyama inayo pia, na katika nyama sehemu inayoongoza ni figo, kisha maini. Siku ya kuchinja, kwa desturi za sehemu nyingi, figo na maini huenda kwa wazee wa kiume na wageni. Sitaki kugombana na wazee wangu. Lakini kama kuna mama mjamzito katika nyumba hiyo, kipande kimoja cha figo kina faida zaidi tumboni mwake kuliko tumboni mwangu mimi bwana shamba niliyekaribishwa. Maini kwa mjamzito yawe kidogo tu, si kila siku, maana yana vitamini A nyingi sana.

Sasa mayai. Hapa wengi wetu tuna la kujibu. Nimekwenda nyumba nyingi zenye kuku kumi na tano, ishirini, na ukiuliza watoto walikula yai lini, wanatazamana. Mzee mmoja aliniambia waziwazi, "Kijana wangu, yai ni sabuni na daftari. Ukilila, daftari unanunua na nini?" Nilimwelewa. Siwezi kusimama hapa kwenye redio nikawaambia msiuze mayai, wakati sabuni haichumwi mtini. Lakini kati ya kuuza yote na kula yote pana nafasi kubwa. Yai moja laweza kumpa mtoto mdogo sehemu kubwa ya seleniamu ya siku, kama kuku aliyelitaga amelishwa vizuri. Kama katika kila mayai sita utauza manne, na mawili yakabaki kwa mtoto mdogo na kwa mama yake, sabuni itapatikana bado, ila itachelewa siku chache.

Nimesema "kama kuku amelishwa vizuri," na hapo pana maana. Yai hubeba kile alichokula kuku. Kuku anayekula pumba za mahindi hayo hayo peke yake atataga yai lenye upungufu huo huo. Kuku anayezurura akala wadudu ni nafuu. Na vumbi la dagaa lile linalobaki chini ya gunia, ambalo wauzaji hulitoa kwa bei ndogo, mpe kuku. Chakula cha kuku cha kiwandani kwa kawaida huchanganywa unga wa madini wenye seleniamu. Uliza au soma karatasi ya mfuko.

Kwa wafugaji nina machache. Wana-kondoo, wana-mbuzi na ndama wanaozaliwa na mama waliopungukiwa huweza kupata ugonjwa wa misuli myeupe. Mwana-kondoo aliyezaliwa vizuri anaanza kutembea kwa ukakamavu, miguu ya nyuma inakuwa kama mti, au anashindwa kusimama ingawa bado ana hamu ya kunyonya. Wengine hufa ghafla baada ya kukimbizwa, kwa sababu moyo nao ni msuli. Ukimpasua, nyama ya mapaja ina michirizi myeupe kama nyama iliyochemshwa. Huko New Zealand ugonjwa huu uliwatia hasara kubwa wafuga kondoo mpaka walipoanza kuwapa seleniamu. Kwa ng'ombe, kondo la nyuma kukawia kutoka huweza kuwa dalili, ingawa sababu zake ni nyingi na hii ni mojawapo tu. Mwite bwana mifugo. Jiwe la madini la kulamba ni msaada mzuri, lakini si kila jiwe la chumvi lina seleniamu, kwa hiyo usome kwanza. Sindano yake usiichome mwenyewe wala usikisie kipimo. Kati ya kiasi kinachoponya na kiasi kinachoua mnyama pana hatua fupi sana.

Nilisema tezi ya shingo ina mtego. Kaskazini ya nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire, ambayo sasa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wataalamu katika miaka ya 1980 walikuta watu wengi wenye rovu, na watoto waliodumaa mwili na akili. Walikosa madini joto, walikosa seleniamu, na chakula chao kikuu kilikuwa mihogo, ambayo isipolowekwa na kukaushwa vizuri huzidi kuibana tezi. Wataalamu walijaribu kuwapa baadhi yao seleniamu. Hali ya tezi kwa wale waliokuwa wagonjwa zaidi ikawa mbaya zaidi kuliko mwanzo, kwa sababu tezi ilianza kuyatumia haraka madini joto machache yaliyobaki. Kwa hiyo, chumvi yenye madini joto iwe ya kwanza jikoni. Inunue iliyofungwa, iweke katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na moto. Hayo mengine yafuate.

Na vidonge je? Siku hizi kuna watu wanapita magulioni na vikopo vya virutubisho, wanasema vina seleniamu na vinaponya kila kitu, kuanzia saratani mpaka UKIMWI. Msikilize niwaambie. Nchini Marekani na Kanada wanaume zaidi ya 35,000 walijaribiwa kuanzia mwaka 2001 kuona kama seleniamu inazuia saratani ya tezi dume. Mwaka 2008 vidonge vilisimamishwa; haikuzuia. Hapa Dar es Salaam wanawake wajawazito 913 wenye virusi vya UKIMWI walishiriki katika jaribio kama hilo, na matokeo ya mwaka 2008 yalionyesha kwamba seleniamu haikupunguza kasi ya ugonjwa. Mwenye dawa za kupunguza makali ya virusi aendelee na dawa zake, asibadilishe kwa kikopo cha gulioni. Kupita kiasi nako kuna madhara: mtu mzima asivuke mikrogramu 400 kwa siku. Huko Enshi, Uchina, mwanzoni mwa miaka ya 1960, watu walikula mazao ya udongo uliojaa seleniamu kutokana na makaa ya mawe, wakanyonyoka nywele na kung'oka kucha. Dagaa na mayai havitakufikisha huko. Vidonge vinaweza.

Najua wengine mnangoja niseme juu ya mbolea, maana mkulima akisikia upungufu huuliza, "Mbolea yake ni ipi?" Nchi ya Finland, ambayo udongo wake una upungufu huu, iliamua tangu mwaka 1984 kutia seleniamu katika mbolea za viwandani nchi nzima, na miaka michache baadaye damu za wananchi wake zilionyesha mabadiliko. Malawi nao wamejaribu. Mwaka 2019, wilayani Kasungu, wanawake 180 na watoto wa shule 180 waligawiwa unga wa mahindi kwa muda wa miezi miwili. Nusu yao walipata unga wa mahindi yaliyowekewa seleniamu shambani. Kwa hao nusu, kiasi cha seleniamu katika damu kilikaribia kuwa maradufu. Kwa hiyo njia ipo na inafanya kazi. Lakini ni kazi ya viwanda na serikali. Kiasi kinachotosha ni kama gramu 5 kwa hekta, yaani gramu 2 kwa ekari, chini ya nusu ya kijiko cha chai. Nani kati yetu atatawanya nusu kijiko katika ekari nzima bila kukosea? Mtu asije akakuuzia unga wowote akisema ni seleniamu ya kumwaga shambani. Kataa.

Samadi na mboji endeleeni kuweka, kwa faida zake nyingine zote, mkijua kwamba samadi ya ng'ombe aliyelisha katika udongo maskini hurudisha umaskini ule ule. Chokaa ya kilimo kwa udongo wenye uchachu yaweza kulegeza seleniamu kidogo iliyofungwa, lakini weka chokaa kwa sababu mahindi na maharage yanaitaka, na baada ya kupima udongo. Sampuli mnajua jinsi ya kuchukua. Asiyejua amwone bwana shamba wa kata yake.

Jambo moja la mwisho ambalo halina gharama. Wakati wa mavuno, wakulima wa mlimani na wakulima wa bondeni huuziana mbuzi na kuku, lakini mahindi kila mmoja hula yake. Kama una ndugu anayelima bondeni kwenye udongo mwingine, badilishaneni gunia moja au mawili. Wazee wetu walibadilishana mbegu. Na chakula pia chaweza kubadilishwa.

Wiki ijayo, saa kama hizi, mwenzangu wa idara ya hifadhi ya mazao atawaelezeni jinsi ya kumkabili dumuzi ghalani. Wenye maswali juu ya mazungumzo ya leo waandikie kipindi, na kila barua itaje aina ya udongo wa kwenu. Kwaherini.